Kina cha Sangara

Mama alisilimu siku ya ndoa yake na hakuwahi kusilimu zaidi ya hapo. Ramadhani alifunga siku za mwanzo na za mwisho. Za katikati alisema ni za wale waliozizoea tangu utotoni. Alikuwa Mjita wa Suguti, binti wa mzee wa kanisa, na babu yangu huyo hakuwahi kukanyaga nyumbani kwetu tangu bintiye aolewe na Mwislamu. Baba hakulalamika. Alikuwa fundi cherehani wa Musoma mjini, mjukuu wa watu waliotoka Tabora kufuata biashara, na dini yake aliishika vizuri, ila kitu alichokiabudu hasa, Mungu amsamehe, kilikuwa shairi. Mtu akikosea swala, baba alinyamaza. Mtu akikosea mizani, baba aliinuka.

Wakati wa dhiki, nguo zilipokuwa haba kuliko heshima, baba alikuwa mfalme. Dukani hapakuwa na kitambaa, kwa hiyo kila mtu alikuja kwake na kilichobaki. Aligeuza kola zilizochakaa, upande wa ndani ukaja nje, shati likapata umri mwingine. Alikata suruali kutoka kwenye pazia. Alishona gauni la bibi harusi kwa shuka mbili, na bibi harusi akapendeza mpaka watu wakauliza shuka zile zilitoka hospitali gani. Uzi ulipokwisha alifumua magunia. Jioni wateja walibaki barazani, yeye akiwaghania mashairi yake, na hakuna aliyethubutu kuondoka kabla ya ubeti wa mwisho, maana suruali yake ilikuwa bado mikononi mwa mtunzi.

Halafu mitumba ikaruhusiwa. Ilishuka mjini kwa marobota, na watu wakavaa vizuri kwa fujo. Mvuvi wa kisiwani Rukuba aliweza kuja mnadani na koti la manyoya la mwanamke wa Ulaya, jasho likimtiririka, akilisifu. Baba akabaki na cherehani lake na vishikizo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama naye aliingia kwenye biashara hiyo. Alichukua robota, akawa anakwenda Bunda siku za soko, analala kwa dada yake kule Nyasura, anarudi kesho yake amechoka na amecheka.

"Unaniua," baba alimwambia.

"Sikuui, nakulisha," mama alijibu. "Mimi nauza mitumba, wewe uza vina. Tuone nani atarudi na unga."

Hakusema kwa ubaya. Lakini baba hakula vizuri usiku ule.

Basi ndipo alipokuja afisa utumishi mmoja. Kulikuwa na kiwanda kipya cha minofu ya sangara kikimaliziwa kando ya ziwa, na kijana huyu, mwenye tai na viatu visivyozoea mchanga, alikuwa amesikia kwamba mjini yupo mtunzi. Siku ya ufunguzi wangekuja wawekezaji kutoka nje pamoja na mgeni rasmi wa mkoa. Walitaka shairi.

"Hilo tu?" baba alisema. Alikuwa ameshaanza kujinyoosha kama mtu aliyerudishiwa mguu.

"Ila liwe la Kiingereza, mzee. Wawekezaji waelewe."

Mimi nilikuwa pale pale nikikata vishikizo kwenye mashati makuukuu. Nilimtazama baba nikijua Kiingereza chake chote: good morning, no credit, na maandishi ya dhahabu yaliyokuwa ubavuni mwa cherehani, ambayo aliyasoma vibaya.

"Nitatunga," alisema.

Afisa alipoondoka nilimwambia, "Baba, niandike mimi basi, wewe ughani." Nilikuwa kidato cha tatu na nilijiona Mwingereza kamili.

Alinitazama kama nimependekeza nimsaidie kuoa. "Wewe niletee vina," alisema. "Maana nitaitafuta mwenyewe. Yule samaki Wazungu wanamwitaje?"

"Nile perch."

"Pachi," alisema, akionja. "Pa-chi. Mizani mbili. Kina ni chi. Kazi nyepesi."

Haikuwa nyepesi. Nilikaa na kamusi ndogo ya shule, ile inayopanga maneno kwa herufi za mwanzo, na nikagundua kwamba mtu aliyeitengeneza hakuwahi kumfikiria mtunzi. Maneno yanayoanza sawa yote yapo pamoja kama ndugu. Yanayoishia sawa yametawanyika kama watoto wa mlevi. Nilipitia kurasa nyingi nikapata mengi: church, search, much, march, catch, match, patch, fetch. Nikampelekea. Yeye akayasema moja moja, chachi, sachi, machi, machi tena, kachi, machi ya tatu, pachi, fechi, akafurahi sana. "Lugha tajiri hii," alisema. "Walikuwa wanatuficha."

Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi. Mwalimu wangu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza, mama mmoja mrefu aliyesomeshwa na masista, alikuwa ananipiga rula kwa maneno kama hayo. Alikuwa amestaafu na kurudi kwao Butiama. Jumamosi nikapanda pikapu iliyobeba mihogo mikavu, nikafika kwake nimepauka unga kama mchawi. Alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuuza mihogo?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha maharage, kisha akasema, "Sema perch."

"Pachi."

"Sema much."

"Machi."

"Mwezi wa tatu?"

"Machi."

"Kukamata?"

"Kachi."

Aliweka ungo chini. "Mwanangu, umesema maneno manne na mdomo haujasogea. Kwako wewe heart, hurt, hut na hat ni neno gani?"

Nikafikiri. "Hati," nikasema.

"Unaona? Moyo, maumivu, kibanda na kofia. Mtu akikuambia moyo wake unauma kibandani, utamvisha kofia."

Akanifundisha asubuhi nzima. Alinieleza kwamba kina kamili ni pale ambapo sauti yote ya mwisho inalingana, irabu na konsonanti, hata kama herufi zinagombana: perch kwa e, church kwa u, search kwa ea, na yote ni sauti moja. Halafu kuna vina vinavyokaribiana tu, kama perch na much, ambavyo vinasikika jirani lakini havilali nyumba moja. Akanisemesha perch hadi midomo ikachoka. Kuku walikusanyika kutazama. Nilipopatia mara moja, yeye mwenyewe alishtuka, akasema, "Hivyo hivyo! Rudia," na sikuweza tena.

Mwisho alinipa vina kamili vyote alivyovijua. Vilikuwa vichache vibaya. Church, kanisa. Search, kutafuta. Research, utafiti. Lurch, kuyumba kama mlevi anayetoka kilabuni. Birch, mti wa Ulaya, na pia fimbo ya kuchapia watu.

Niliporudi Musoma nikamwekea baba hesabu hiyo mezani pamoja na tofauti ya vina kamili na vina jirani. Mama alikuwepo, anapanga sidiria za mitumba kwa ukubwa.

"Kumbe ni kama mke na hawara," mama alisema. "Kanisa ni mke wa pachi. Machi ni hawara."

Baba alikohoa kwa sababu nilikuwepo. Kisha akauliza, "Hili neno moja ni mti na ni kiboko?"

"Ndiyo, baba."

"Watu wanaochapa na kupanda kwa neno moja. Si ajabu walitutawala." Akaupitisha mkono wake kwenye cherehani. "Mti sina kazi nao. Kuyumba, mbele ya mgeni rasmi, hapana. Utafiti una mizani tatu, unanibana. Vinabaki kutafuta na kanisa."

"Baba yangu amekuwaga anakuomba uingie kanisani hata mara moja tu umsalimie," mama alisema. "Miaka yote umekataa. Leo sangara anakuingiza."

Alicheka hadi akakaa juu ya sidiria. Baba hakucheka, lakini aliona ukweli wa jambo hilo na ulimkera. Siku zilizofuata alikuwa mgonjwa wa kutunga. Aliniuliza maneno saa zote: sabuni ni nini kwao, minofu ni nini, mifupa, Ulaya. Kila neno nililompa alilihesabu kwa vidole na kulipa irabu mwishoni kama lilikuwa limezaliwa Musoma. Soap ilikuwa sopu, mizani mbili. Vina vya kati alijaribu, akashindwa, akasema amewaachia Wazungu.

Ubeti ulipotimia alinighania. Nauandika hapa kama ulivyokuwa:

Welcome visitors to Mara, welcome to the lake of perch,
Many years we had no soap, even sugar we did search,
Now the fillet goes to Europe, and the bones go to the church,
May God bless the one who eats it, thank you, thank you very much.

Kiingereza kilikuwa kinapita, kwa kushangaza. Tatizo lilikuwa kwingine.

"Baba, mstari wa pili unasema tulikosa sabuni na sukari."

"Hatukukosa?"

"Tulikosa. Lakini mgeni rasmi..."

"Yeye aliogea nini?"

"Na wa tatu, minofu inakwenda Ulaya, mifupa inakwenda kanisani. Watu watasema unawasema wenye kiwanda."

"Nimseme nani? Nimetafuta kina. Kanisani ndiko wanakogawiwa maskini, na mifupa italiwa na nani kama si maskini? Mizani imetimia?"

"Imetimia."

"Kina kipo?"

"Kipo. Cha mwisho ni hawara."

"Hawara kwenye mstari wa mwisho anaruhusiwa," alisema, akasahau kwamba mimi ni mwanaye.

Siku ya ufunguzi alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe na koti ambalo mama alimchagulia kutoka kwenye robota. Alilikataa, kisha akalivaa, kisha akawa anajitazama kwenye kila dirisha tulilopita. Kiwandani kulikuwa na turubai kwa wageni, jenereta, kwaya ya kanisa moja la mjini, wafanyakazi waliovaa buti nyeupe na kofia za nailoni, na nje ya uzio akina mama wengi waliokuja kwa jambo moja tu: kuuliza migongo ya samaki itauzwa lini. Maana hilo kila mtu alishalijua. Minofu itapanda ndege. Kwetu kitabaki kichwa, mgongo na mkia, kile kilichokuja kuitwa mgongo wazi.

Kuna jambo moja ambalo baba wala mimi hatukuwa tumelifikiria. Mshereheshaji. Alikuwa mtu wa kazi yake, na alikuwa ameambiwa kwamba kila kinachosemwa kwa Kiingereza akifasiri kwa wananchi kwa kipaza sauti. Basi baba alisimama, akafumba macho, akaanza kughani kwa ile sauti yake ya puani, akiivuta pa-a-a-chi mpaka wawekezaji wakaacha kunong'ona. Mshereheshaji akafasiri: "Karibuni wageni Mara, karibuni kwenye ziwa la sangara." Makofi.

Mstari wa pili. "Miaka mingi tulikosa sabuni, hata sukari tuliitafuta." Pale chini ya turubai kitambaa cha mgeni rasmi kikafuta paji la uso. Akina mama nje ya uzio walianza kusogea.

Mstari wa tatu baba aliughani polepole, kwa fahari, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kina kamili kuliko vyote. Mshereheshaji, mwaminifu kwa kazi yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumbwi: "Sasa minofu inakwenda Ulaya, na mifupa inakwenda kanisani."

Halafu uzio ulilia. Akina mama waliushika wakautikisa, wakipiga vigelegele na kupiga kelele, "Rudia! Fundi, rudia!" Wafanyakazi wa kofia za nailoni walikuwa wanacheka wameinamisha vichwa ili wasionekane. Kiongozi wa kwaya, ambaye alisikia neno kanisa tu, aliinua mkono akasema, "Amina!" na kwaya nzima ikaitikia. Mwekezaji mmoja mnene alisimama akapiga makofi kwa furaha ya kweli, maana katika Kiingereza cha baba alikuwa ameshika fillet na Europe, na kwake zote zilikuwa habari njema.

Baba alifumbua macho. Alidhani wamependa kina. Akarudia.

Nilikuwa nimesimama karibu na jenereta, na nakumbuka nilitaka kufa na nilitaka kucheka, na vyote viwili vilinibana mahali pamoja. Afisa utumishi alimfikia mshereheshaji kabla ya mstari wa mwisho, hivyo thank you very much haikufasiriwa. Hawara alipita bila kutambulishwa.

Mgeni rasmi aliposimama alisema, "Mtunzi amenena," kwa tabasamu la mtu mwenye jino bovu, kisha akazungumzia maendeleo.

Baada ya siku chache baba aliitwa kwenye ofisi ya mkoa. Nilimsindikiza kwa sababu mama alikuwa Bunda. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni, na alianza kwa upole.

"Mzee, shikamoo. Lile shairi. Nani alikutuma?"

"Marahaba. Hakunituma mtu. Ni kina."

Bwana akachukua kalamu. "Kina nani?"

"Kina."

"Kina huyo ni mtu wa wapi? Anakaa wapi?"

"Mwishoni mwa mstari," baba alisema.

Sikuthubutu kumtazama yeyote. Ilichukua muda mrefu kueleza, na baba alieleza kwa bidii, akagonga mizani kwenye meza ya serikali kwa vidole: perch inadai church, hakuna namna, wake wengine wa neno hilo ni mlevi na kiboko. "Ungependa nimwimbie mgeni wetu kiboko?" aliuliza. Bwana alisema hapana, haraka. Mwisho alimwambia aende nyumbani na siku nyingine atunge kwa Kiswahili, lugha ya taifa.

"Ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo," baba alisema, na hiyo haikuwa kweli.

Kiwanda kilikuwa kimemwahidi katoni ya minofu. Katoni ililetwa na dereva ambaye hakushuka garini. Tulipoifungua tulikuta migongo imepangwa vizuri, nyeupe, kama vitana. Baba aliitazama kwa muda. Nilidhani atalia. Mama alikuja nyuma yake, akaangalia, akasema, "Hao watu wamesoma shairi lako kuliko wewe," akaenda kuwasha mkaa. Aliichemsha kwa nyanya na ndimu, na tulinyonya mifupa ile hadi majirani wakaja kuuliza tunakula nini.

Maneno ya siku ile yalisafiri. Yalifika Suguti, ila njiani yalikuwa yamepungua na kuongezeka, na yalipomfikia babu yalisema kwamba mkwewe Mwislamu amesimama mbele ya mkoa mzima na kulitaja kanisa, na kwaya ikamwitikia amina.

Babu alikuja. Tulimwona akitoka upande wa stendi amevaa suti yake ya Jumapili katikati ya wiki, mkononi ameshika sato aliyefungwa kwa jani la mgomba, kwa sababu alisema sangara ni samaki asiye na adabu, amemaliza furu wote, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama alikuwa anafungua robota. Alisimama na suruali ya mtu wa Ulaya mikononi, hakuisogeza wala hakuiweka chini.

Babu alisimama mbele ya baraza. Baba aliinuka, akavua kofia, akairudisha, akaivua tena.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba. Nasikia umeingia kanisani."

"Nimeingia kwa mdomo tu, baba."

Babu aliifikiria hiyo. "Kwa kuanzia si haba," alisema, na akakaa kwenye kiti cha wateja.

Hawakuzungumza mambo makubwa. Babu aliuliza kama cherehani lile linaweza kushona majoho, maana kwaya ya kwao ilijaribu kuvaa mitumba, na kila mwimbaji alikuwa na rangi yake, wakawa kama mnada unaoimba. Baba alisema majoho ni mstari ulionyooka tu, mtu yeyote mwenye macho anashona. Alisema hivyo akiwa ameshachukua utepe na kuanza kumpima babu mabega bila kuulizwa. Mama alikuwa ameingia ndani. Nilimfuata nikamkuta anasafisha yule sato, kichwa ameinamisha, magamba yanaruka kila mahali, na aliponiona alisema, "Kitunguu," ingawa hakuwa amekata kitunguu chochote.

Baba alishona majoho ya Suguti, kisha ya kwaya nyingine, kisha sare za shule, vitu ambavyo mitumba haiwezi kwa sababu mitumba haijui kufanana. Hakutajirika. Alirudi kuwa mtu mwenye kazi, na mtu mwenye kazi ana kelele, kwa hiyo nyumba ilirudi kuwa na mashairi hata asubuhi.

Msimu uliofuata wakaja watu wa pamba kutoka Bunda. Nao walikuwa na sherehe, nao walikuwa na wageni, nao walitaka kitu kifupi cha Kiingereza. Baba aliwapa chai akaniita nitoke ndani.

"Pamba wanaiitaje?"

"Cotton."

"Vina vyake?"

Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwepesi. Nikavitaja hapo hapo mbele ya wageni: rotten, forgotten.

"Maana yake?"

"Iliyooza. Iliyosahauliwa."

Wale watu wa pamba waliacha kunywa chai. Baba aliwatazama mmoja mmoja kwa huruma kubwa, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika gurudumu la cherehani asianguke, na likazunguka naye.

"Ndugu zangu," alisema alipoweza, "kwa usalama wenu, nitawatungia kwa Kiswahili."